Rolaboli kwa anayeandika kutwa: jibu kwa hakimu mmoja

Swali: Mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Ushahidi bado ninauandika kwa mkono, na siku yenye mashauri mengi hujaza kurasa 20 hadi 30. Miaka yote nimetumia bolpeni za kawaida, lakini siku hizi ikifika alasiri kidole gumba na cha shahada vinauma. Mwanangu aliniletea zawadi ya rolaboli ya chuma. Mkono umepata nafuu kubwa, ila wino unapenya hadi upande wa pili wa karatasi, na juzi maji ya kunywa yalimwagika juu ya jalada, mistari minne ikageuka ukungu wa bluu. Nimetenga shilingi 60,000. Ninunue rolaboli gani nzuri ya kutumia kila siku, au nirudi kwenye bolpeni?

Jibu: Mheshimiwa Hakimu, usirudi kwenye bolpeni, na kalamu ya mwanao usiitupe. Nimeuza na kukarabati kalamu kwa miaka mingi, na karibu kila anayeniuliza habari ya kalamu nzuri huanza na ganda lake: ni ya chuma au ya plastiki, ina uzito gani, inang'aa kiasi gani mfukoni. Wewe umeanza na mkono, karatasi na maji, na hapo ndipo pa kuanzia. Nafuu ya mkono, kupenya kwa wino na kufutika kwa ile mistari minne vyote vimetokana na kitu kimoja, yaani wino mwepesi wa maji. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta wino utakaokuachia nafuu hiyo bila kukuharibia jalada. Ganda tutalizungumza mwishoni, tena kwa ufupi.

Bolpeni na rolaboli zote zina gololi ndogo kwenye ncha, iliyokaa ndani ya kikombe cha chuma, nayo huviringika juu ya karatasi huku ikivuta wino kutoka nyuma. Tofauti iko kwenye wino. Wino wa bolpeni una asili ya mafuta, nao ni mzito kama asali iliyokaa mahali penye baridi, hivyo gololi haiuburuti mpaka uikandamize kwenye karatasi. László Bíró wa Hungaria, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1938, aliuchagua uzito huo makusudi, kwa sababu wino mwepesi wa kalamu za nibu ulikuwa ukivuja kwenye gololi. Uzito huo wa wino ndio unaolipiwa na kidole chako gumba kila alasiri. Mwaka 1964 kampuni ya Ohto ya Japani ilitoa kalamu ya gololi yenye wino wa maji, na huo ndio mwanzo wa rolaboli. Wino wake hushuka kwa kugusa tu. Kalamu ikilala juu ya karatasi kwa uzito wake wenyewe, mstari unatoka. Ipo pia jamaa yao wa tatu, kalamu ya jeli, iliyotolewa na kampuni ya Sakura ya Japani mwaka 1984, ambayo wino wake ni mzito ukiwa umetulia na hulainika gololi inapozunguka. Wauzaji wengi huziweka rolaboli na jeli katika boksi moja na kuziita jina moja. Kwako wewe mchanganyiko huo hauna madhara, maana jeli tutaihitaji baadaye.

Sasa tuje kwenye ile mistari minne. Wino wa maji hupakwa rangi kwa njia mbili, na anayeandika kitu kinachopaswa kudumu hana budi kuzijua. Njia ya kwanza ni rangi inayoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Wino wa namna hiyo hutiririka vizuri mno, hung'aa, na ni rahisi kuutengeneza, lakini kilichoyeyuka mara moja huyeyuka tena. Maji yakirudi juu ya karatasi, rangi nayo hurudi ndani ya maji. Njia ya pili ni chembe ndogo sana za rangi zisizoyeyuka, zinazoelea tu. Fikiria vumbi la mkaa lililokorogwa kwenye maji kisha likapakwa ukutani: maji hukauka, vumbi hubaki limejikita kwenye vinyweleo vya ukuta, na ukiumwagia maji tena haliyeyuki. Chembe hizo zikishaingia kati ya nyuzi za karatasi, maji hayazitoi, jua haliupaushi mstari upesi, na hata vimiminika wanavyotumia walaghai kusafisha hundi na vyeti huzishinda kwa shida. Kalamu ya zawadi yako bila shaka ina wino wa namna ya kwanza, kama zilivyo nyingi zinazouzwa kwenye visanduku vya kupendeza.

Kwa hiyo jibu langu la jina na namba ni hili: nunua uni-ball Eye nyeusi yenye gololi ya milimita 0.5, ambayo ubavuni imeandikwa UB-150. Ni ya kampuni ya Mitsubishi Pencil ya Japani. (Wateja huniuliza kila mara kama hao ndio wanaotengeneza magari. Sio hao. Kampuni ya kalamu ilisajili alama ya almasi tatu mwaka 1903, kabla wenye magari hawajaisajili, na hawana udugu wowote.) Wino wake ni wa chembe, haufutwi na maji, na kalamu yenyewe ni ya plastiki nyepesi yenye kifuniko. Haina fahari ya kuonyesha watu, lakini ninaiweka juu ya rolaboli nyingi zinazouzwa mara kumi ya bei yake.

Mshindani wake mkuu madukani ni Pilot V5, nayo ina gololi ya milimita 0.5. Nikiulizwa ipi inateleza kwa raha zaidi, mimi binafsi nitasema V5. Mstari wake ni mwembamba na safi, na kuna toleo lake linalobadilishwa kibweta cha wino badala ya kutupwa. Kwa shajara, kwa kumbukumbu zako binafsi, kwa barua ya kumwandikia mwanao kumshukuru, itumie kwa furaha. Kwa mwenendo wa shauri usiitumie, kwa kuwa wino wake ni ule wa kuyeyuka na glasi ya maji itakurudisha palepale ulipo leo.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua karatasi ileile mnayotumia kwenye majalada, andika mstari mmoja kwa kila kalamu unayoifikiria, pamoja na hiyo ya zawadi, na uache usiku kucha. Asubuhi dondoshea tone moja la maji katikati ya kila mstari, hesabu dakika moja, kisha lifyonze kwa karatasi laini bila kusugua. Wino wa kuyeyuka utaacha duara lenye kingo za bluu au zambarau, hata kama kalamu iliandika nyeusi, kwa sababu weusi wake mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa na kila moja hukimbia na maji kwa mwendo wake. Wino wa chembe utakuachia karatasi iliyokunjamana kidogo na mstari uliobaki mweusi mahali pake. Jaribio hilo halina gharama, nalo lina nguvu kuliko neno lolote lililochapwa kwenye pakiti. Ukikutana na kalamu au mrija wa wino ulioandikwa ISO 14145-2, ujue wino huo umepimwa kwa matumizi ya nyaraka, yaani umejaribiwa dhidi ya maji, pombe, kufutwa na dawa za kupaushia. Sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo, yenye namba 14145-1, ni ya matumizi ya kawaida tu, hivyo tarakimu ya mwisho isikupite.

Kupenya kwa wino upande wa pili kuna wakosaji wawili. Wa kwanza ni upana wa ncha. Namba iliyoandikwa kwenye kalamu ni kipenyo cha gololi, wala si upana wa mstari. Gololi ya 0.5 huacha mstari wa karibu milimita 0.3, na ya 0.7 huacha mpana zaidi wenye wino mwingi. Kalamu za zawadi mara nyingi huja na 0.7, kwa kuwa mstari mpana unapendeza kwenye sahihi. Mkosaji wa pili ni karatasi. Karatasi ya rimu ya gramu 80 huimudu rolaboli ya 0.5 vizuri, ile ya gramu 70 huimudu kwa kujikaza, lakini kurasa za kaunta buku nyingi ni nyembamba na zina nyuzi zilizolegea, na wino mwepesi hutambaa humo kama maji kwenye kitambaa. Kwa karatasi hizo hata UB-150 itaonekana kivuli upande wa pili, ingawa haitapenya kama hiyo uliyo nayo. Ukiona kivuli hicho kinakukera, andika upande mmoja, au hamia kwenye jeli ya 0.5 yenye wino wa chembe, kama uni-ball Signo. Jeli hutambaa kidogo kuliko wino wa rolaboli. Itakudai ukandamize zaidi kidogo kuliko rolaboli, lakini mkandamizo huo haukaribii ule wa bolpeni.

Uwe macho na bandia. Kalamu hizi zinapendwa, na kinachopendwa huigwa. Niliwahi kununua boksi zima kwa mfanyabiashara wa jumla aliyenipa bei nzuri kupita kiasi, na wiki haikuisha wateja wakaanza kuzirudisha: mstari unakatika, unarudi, unakatika. Nikaipasua moja kwa kisu. Ndani palikuwa na mrija mwembamba wa wino mzito uleule wa bolpeni, na dirisha la pembeni lilikuwa limepakwa rangi tu. Tangu siku hiyo nimekuwa na desturi moja. Eye halisi ina kidirisha ambamo wino unaonekana ukiwa huru kama maji, nao husogea ukiiinamisha kalamu polepole na kuirudisha. Ukiiinamisha na hakuna kinachotembea, irudishe mezani. Kisha andika namba nane iliyolala, mara kumi bila kuinua mkono, upande wa kulia kisha wa kushoto. Gololi nzuri, ambayo kwa kawaida ni ya tungsteni kabidi, haikwaruzi wala hairuki katika kona. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu mwache na kalamu yake.

Kuna kazi ambazo rolaboli haiziwezi, na usiilaumu kwa hizo. Stakabadhi na fomu zenye nakala ya kaboni zinahitaji mkandamizo, na rolaboli ukiikandamiza utaumiza kikombe cha gololi huku nakala ya chini ikitoka hafifu au isitoke kabisa. Risiti za mashine ya EFD nazo zimechapwa kwenye karatasi ya joto yenye uso laini usionyonya, hivyo wino wa maji huelea juu na kupakaa unapoigusa. Kwa hayo mawili weka bolpeni ya kawaida mezani, nayo itakaa miezi mingi kwa kuwa utaitumia mara chache. Na muhuri: ukisaini kwa wino wa maji, acha sahihi ikauke kabla karani hajagonga mhuri juu yake, vinginevyo wino wa pedi na wa kalamu vitachanganyika na sahihi itaonekana kama imechezewa. Nimeona hati halali kabisa ikitiliwa shaka kwa sababu hiyo.

Naomba pia nikukumbushe jambo moja kuhusu mkono wako, kwa kuwa kalamu peke yake haitafanya kazi yote. Mtu aliyetumia bolpeni kwa miaka mingi amejizoeza kukaba, na akipewa rolaboli huendelea kukaba kwa mazoea ingawa hakuna sababu tena. Tazama ncha ya kidole chako cha shahada unapoandika: kucha ikigeuka nyeupe, unakandamiza. Legeza mpaka irudi rangi yake, na isimamishe kalamu kidogo zaidi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa ikilala sana ukingo wa kikombe hukwaruza karatasi. Siku tatu za kwanza mwandiko utaonekana kama si wako, na shahidi anayesema kwa kasi atakujaribu, lakini baadaye mkono huzoea. Ikiwa vidole vinakufa ganzi au kuwashwawashwa hata usiku, hapo si suala la kalamu tena, ni la daktari.

Kwa wanaotumia mkono wa kushoto ningetoa ushauri tofauti kidogo, na kadhalika kwa wanaoandika hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia, maana wote hao kiganja hupita juu ya maneno mabichi. Kwao jeli ya ncha nyembamba inayokauka upesi hufaa kuliko rolaboli. Wewe hukusema kuwa u miongoni mwao, kwa hiyo nasonga mbele.

Utunzaji ni mfupi. Rolaboli ina kifuniko kwa sababu wino wa maji hukauka, basi mnapokwenda mapumziko mafupi ifunike mpaka usikie mlio, hata kama ni kwa dakika kumi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Isianguke kwa ncha kwenye sakafu ya saruji, kwani gololi ikipata kibonyeo kidogo tu kalamu hiyo imekwisha, hata ikiwa imejaa wino. Ukisafiri kwa ndege iweke ncha ikitazama juu, kwa sababu shinikizo la hewa likipungua, hewa iliyo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Na wino wa chembe, Mheshimiwa, ukiingia kwenye shati jeupe hautoki, kwa sababu ileile inayotufanya tuupende. Jua pia kwamba rolaboli huisha upesi kuliko bolpeni, kwa kuwa inamwaga wino mwingi zaidi kwa kila mstari. Kwa kurasa zako 20 hadi 30 kwa siku usishangae kuibadilisha mara kwa mara, ndiyo maana sikushauri uimalizie bajeti yote kwenye kalamu moja. Nunua nyeusi kadhaa kwa mkupuo, na iliyobaki ikae kama akiba ya kununulia nyingine.

Sasa kalamu ya mwanao. Fungua ganda, toa mrija wa wino, uweke juu ya rula. Rolaboli nyingi zenye kifuniko, zikiwemo nyingi zisizo na jina kubwa, hutumia mrija wa urefu wa karibu milimita 110 na unene wa karibu milimita 6. Ukikuta vipimo hivyo, unaweza kuutoa huo wa bluu na kuweka mrija wa jeli wa uni-ball UMR-87, wa wino wa chembe, ambao una urefu wa karibu milimita 111 na mara nyingi huingia bila matatizo. Ukizidi kidogo, kata kidogo kidogo mkia wa plastiki, sehemu isiyofika kwenye wino, kwa wembe. Kama kalamu ni ya Lamy, Cross au Montblanc, jihadhari, kwa kuwa hizo zina mirija ya umbo la kampuni yenyewe na ni salama zaidi kununua ya kampuni husika, ukichagua nyeusi na ncha nyembamba kuliko zote walizonazo, kisha uipitishe kwenye jaribio la tone la maji kabla haijagusa jalada.

Dukani usiagize mrija kwa kutaja G2 peke yake. Jina hilo lina watu wawili: G2 ya Parker ni umbo la mrija wa bolpeni wa milimita 98, na G2 ya Pilot ni kalamu ya jeli ambayo mrija wake ni wa karibu milimita 111. Nimeshuhudia wateja wakirudi mara mbili kwa kosa hilo. Beba mrija wa zamani mfukoni, umefungwa kwa karatasi, na uulaze sambamba na mpya kwenye kaunta kabla ya kulipa.